Picha za mfano zinatosha kuamulia ununuzi wa kamera mpya?

Mpigapicha wa Wete

Assalaam aleykum ndugu zangu.

Mimi ni mpigapicha wa harusi hapa Wete, na sehemu kubwa ya kazi yangu iko upande wa wanawake, yaani usiku wa hina na siku ya bibi harusi kuketishwa ukumbini, mahali ambapo wapigapicha wa kiume hawaingii. Kamera yangu ya miaka sita imeanza kuchoka: shata, yaani pazia linalofunguka kupitisha mwanga, inakwama, na mpira wa pale mkono unaposhika umebanduka kwa jasho na unyevu. Mwezi huu zamu ya kibati, mchezo wetu wa kuchangiana fedha, imenifikia, na nimekusudia fedha zote ziingie kwenye kamera moja iliyotangazwa karibuni, ya megapikseli 24, yenye sensa (kipande kinachopokea mwanga) ya ukubwa wa APS-C, ulio mdogo kuliko fremu ya filamu ya kawaida. Nitaanza na lenzi ya milimita 18–55 inayouzwa pamoja nayo, kwa kuwa uwezo wangu unaishia hapo.

Shida ni kwamba siwezi kuishika kabla ya kuinunua. Pemba haijafika, Unguja nimeulizia sikuipata, na ndugu yangu aliyeko Dubai ndiye atakayeninunulia. Ikishavuka bahari hakuna wa kumrudishia. Kitu pekee nilicho nacho ni picha za mfano ishirini na kitu, ambazo watengenezaji na waandishi waliopewa kamera hiyo mapema wameziweka mtandaoni.

Picha hizo ni nzuri mno, na uzuri huo ndio unaonitia hofu, kwa sababu hata hii niliyo nayo niliinunua kwa kuzipenda picha zake za mfano. Harusi ya kwanza niliyoipiga nayo ilikuwa katika ukumbi wenye taa za rangi rangi, na nilipofungua picha nyumbani nyuso zote zilikuwa za kijivu kana kwamba zimepakwa majivu, na mabuibui ya waalikwa yamekuwa doa moja jeusi lisilo mkunjo wala tarizi. Mama wa bibi harusi aliniuliza kwa upole, "Mbona mwanangu ametoka kama mgonjwa?" Swali lile sijalisahau mpaka leo.

Naomba mnieleweshe: anayezitazama picha za mfano atazame nini khasa, na kipi akipuuze?

Fundi wa Mkunazini

Waaleykum salaam, mwanangu.

Umeuliza kabla ya kununua swali ambalo wengi huliuliza baada ya kununua, na hilo limenifurahisha. Mimi nilianza kazi hii katika chumba cha giza, nikisafisha filamu kwa dawa hapa Mji Mkongwe, na tangu siku hizo nimekuwa nikiwaambia vijana kwamba picha inayokupendeza ni kazi ya mwanga, lenzi na mkono wa aliyepiga kabla haijawa kazi ya kamera. Anayetengeneza kamera huwapa wapigapicha hodari kazi ya kupiga picha za mfano, huwapa lenzi bora alizo nazo, na katika mamia ya picha walizopiga huchagua chache. Hakuna udanganyifu katika hilo, lakini wewe hununui mikono yao.

Kwa hiyo, kabla hujaitazama picha, isome. Shusha faili lenyewe kwa ukubwa wake wote, kwa sababu unayoiona kwenye ukurasa imeshapunguzwa, na ile iliyorushwa kama picha kwa WhatsApp imepunguzwa na kuvuliwa taarifa zake. Faili kamili la kamera ya megapikseli 24 lina pikseli, yaani vinukta vinavyoiunda picha, 6000 kwa 4000. Ukikuta pungufu ya hapo, ujue imekatwa au imefinywa. Ndani ya faili mna taarifa za EXIF, ambazo hukwambia kamera gani imetumika, lenzi gani, tundu la lenzi lilifunguliwa kiasi gani, kasi ya shata na ISO, yaani kiasi ambacho kamera inaukuza mwanga iliyoupokea. Mwaka 2016 kampuni ya Huawei iliisambaza picha ya kuitangaza simu yake ya P9, na watu waliofungua EXIF wakakuta imepigwa na Canon EOS 5D Mark III. Kampuni ikalazimika kuomba radhi. Hayo yalifichuliwa na mistari michache tu ambayo watu wengi hawajui kuwa ipo.

Sasa chukua picha ya uso ndani ya mkahawa wenye taa hafifu, ambayo ukiitafuta utaikuta karibu kwa kila kamera mpya. Tuseme EXIF yake inaonesha lenzi ya milimita 50, tundu la f/1.8 (namba ikiwa ndogo, tundu huwa kubwa), ISO 640. Lenzi yako ya 18–55 ukiivuta mpaka mwisho haifunguki kupita f/5.6, na tofauti ya matundu hayo mawili ni karibu mara kumi ya mwanga. Maana yake ni kwamba picha ileile, kwa kasi ileile ya shata, wewe itakulazimu uipige kwa ISO 6400. Umeoneshwa ISO 640, na ukumbini kwako utakuwa na ISO 6400. Nina yakini kwamba mambo yalikuwa hivyo hivyo na ile kamera ya kwanza: hukudanganywa na sensa, ulikosa lenzi.

Ningekuwa mimi, ningeiacha kabisa hiyo ya 18–55 na kununua kamera tupu, kisha nikatafuta lenzi ya milimita 35 ya f/1.8, hata kama ni ya mkono wa pili. Ya 50 kwenye APS-C itakubana kwa kuonesha eneo dogo, kwani kumbi zetu ni finyu na akina mama hukaa wamesongamana.

Mpigapicha wa Paje

Dada yangu, ninakubaliana na mzee kuhusu lenzi, lakini naomba nihitilafiane naye kwa jambo moja: picha zilizotolewa na mtengenezaji mimi huwa sizitumii kabisa, hata nikizisoma EXIF. Mara nyingi zimepita kwenye programu ya kuhariri, na ukitazama katika taarifa hizo hizo utaliona jina la programu, kama vile Adobe Lightroom. Picha iliyokwisha kuhaririwa inakueleza ustadi wa mhariri. Nyingine huwekwa siku ile ile ya uzinduzi zikiwa zimepigwa kwa kamera ambayo programu yake ya ndani haijakamilika, na waandishi waaminifu huandika hivyo chini ya picha.

Ninachokitafuta mimi ni faili ghafi, yaani RAW, ambalo kamera haijalipaka rangi wala kulinoa, nikalifungua mwenyewe. Kwa kamera mpya kabisa huenda ukasubiri, maana programu nyingi hazilisomi faili lake mpaka zifanyiwe nyongeza. DPReview, tovuti ya kupima kamera ambayo ipo tangu mwaka 1998, ina mandhari moja ya studio inayopigwa kwa kila kamera inayopimwa, kwa mwanga unaofanana, na unaweza kuiweka kamera yako ya zamani upande huu na hiyo mpya upande wa pili, ukapandisha ISO ya zote mbili kwa pamoja. Mandhari hiyo haina uzuri wowote, lakini ndiyo inayosema kweli, kwa sababu kilichobadilika ni kamera peke yake.

Jambo jingine ni jua. Picha nyingi za mfano hupigwa katika nchi za baridi chini ya mawingu, ambako mwanga ni laini na vivuli havina ukali. Sisi tuko nyuzi sita tu kusini mwa ikweta. Mimi hupiga picha za hoteli, na adui yangu mkubwa ni ukuta uliopakwa chokaa saa saba mchana, au kanzu nyeupe ya mtu aliyesimama mbele ya mlango wenye kivuli. Weupe ukishaungua haurudi, hata katika RAW. Pale palipokuwa na mkunjo wa kitambaa panabaki karatasi tupu. Kwa hiyo tafuta picha ya mfano yenye nguo nyeupe juani, ivute mpaka pikseli moja ya picha iwe pikseli moja ya kioo cha kompyuta, uone kama nyuzi zipo. Ikiwa katika picha zote hakuna hata moja ya namna hiyo, basi bado hujaoneshwa kamera hiyo itafanya nini hapa kwetu.

Mwalimu wa Fizikia, Chake Chake

Ninawasalimu nyote. Mimi nafundisha skuli ya sekondari na picha napiga kwa mapenzi tu, lakini kuna hesabu mbili ambazo nadhani zitamsaidia dada yetu asijitie mashaka pasipo na haja.

Ya kwanza ni hiyo ya kuivuta picha hadi pikseli kwa pikseli. Kioo cha kompyuta cha kawaida hubeba pikseli zipatazo 96 kwa inchi. Picha ya pikseli 6000 ikitazamwa hivyo ni sawa na kuwa na picha yenye upana wa zaidi ya mita moja na nusu, nawe umeisogelea kwa umbali wa shubiri mbili au tatu. Hakuna mteja anayeitazama albamu kwa namna hiyo. Picha ya sentimita 15 kwa 10, ikichapwa kwa ubora wa nukta 300 kwa inchi, inahitaji pikseli zipatazo 1800 kwa 1200 tu, ambazo hazifiki hata sehemu moja ya kumi ya zile kamera inazokupa; na inapopunguzwa, pikseli kadhaa huchanganywa kuwa moja na chenga, yaani vidoadoa vinavyotokea picha ikikosa mwanga, nyingi hufifia zenyewe. Kwa hiyo ipunguze picha ya mfano iwe na ukubwa wa albamu zako, kisha ihukumu kwa ukubwa huo. Kinachobaki kibaya hapo, ndicho kibaya.

Na kibaya chenyewe mara nyingi si chenga. Mwanga hufika kwenye sensa chembe kwa chembe, na ukiwa mchache, chembe hizo haziangukii kila pikseli kwa idadi sawa. Hapo ndipo chenga zinapozaliwa. Kupandisha ISO hakuongezi chembe hata moja, kunakuza tu kile kilichopokewa. Kamera basi ina njia mbili, ama ikuachie chenga, ama izipanguse, na inapozipangusa huondoka pia na vitu vidogo vinavyofanana nazo.

Msimu mmoja nilipiga jamvi la karafuu zilizokuwa zikianikwa, jua limekwisha kuzama, kwa ISO ya juu kabisa ya kamera yangu. Karafuu ina kichwa kidogo na vijino vinne vinavyokizunguka, na kwa macho ungeweza kuzihesabu moja moja. Katika picha hapakuwa na chenga hata kidogo, nikafurahi. Kisha nikaona hapakuwa na karafuu pia. Palikuwa na hudhurungi tupu, kama iliyopakwa kwa kidole. Hivyo ndivyo vitakavyokuwa vijistari vya piko, ile rangi nyeusi ya urembo, kwenye vidole vya bibi harusi, ambavyo somo wake amekaa navyo nusu ya usiku akivichora. Katika picha za mfano za ISO kubwa usifurahie usafi wa ukuta wa nyuma. Tazama nywele za pembeni mwa paji la uso, nyusi na ufumaji wa nguo. Vikionekana pamoja na chenga, kamera ni njema. Kukiwa safi lakini nywele zimegandamana kama zimepakwa nta, muulize aliyepiga kama usafishaji huo unaweza kupunguzwa au kuzimwa katika mipangilio.

Kuna jambo jingine ambalo karibu picha zote za mfano hazitakuonesha, nalo ni taa za LED za kumbi. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa za bei nafuu hupepesa mara 100 kwa sekunde bila ya jicho kutambua. Shata ya elektroniki, ile ya kimya ambayo utaipenda wakati wa dua, huisoma sensa mstari baada ya mstari, na mara nyingi huipata taa ikiwa imewaka katika mistari hii na imefifia katika ile, picha ikatoka na michirizi. Tumia shata ya kawaida ndani ya ukumbi.

Fundi wa Mkunazini

Maalim, hiyo ya jamvi la karafuu umeieleza kuliko nilivyoisikia kwa yeyote. Na kijana wa Paje nimemwelewa. Faili ghafi ni sawa na filamu ya zamani kabla haijachapwa.

Mwanangu, nilisahau suala la ngozi, na ndilo lililokuumiza. Kampuni ya Kodak kwa miaka mingi iliwapelekea mafundi kadi za kulinganishia rangi zenye picha ya mwanamke wa kizungu, zikiitwa kadi za Shirley, na rangi iliyohesabiwa kuwa sahihi ilikuwa ile iliyompendeza yeye. Sisi tuliosafisha picha za watu wa hapa tulijua kwamba uso wa maji ya kunde na uso mweusi vikiwa katika fremu moja, kimoja kitapotea, tukawa tunapindisha mwanga kwa mikono chini ya mashine ya kuchapia. Kamera za leo zimeendelea sana, lakini usiamini mpaka uone. Katika hizo picha za mfano tafuta uso mweusi uliopigwa usiku chini ya taa za rangi mbili. Tazama chini ya macho na pembeni mwa taya: kama pana wekundu wa joto, ni vyema, kama pamekuwa kijivu au kijani, hapo ndipo alipotokea yule mgonjwa wa mama wa bibi harusi.

Ukumbuke pia kwamba mita ya kamera, yaani kipimo chake cha mwanga, huichukulia dunia nzima kuwa na mwanga wa wastani. Mabuibui yakijaa kwenye fremu, itaongeza mwanga na weusi utakuwa kijivu. Gauni jeupe likijaa, itapunguza na nyuso zitaingia giza. Kamera mpya huutafuta uso na kuupimia mwanga, ila usiitegemee kwa bibi harusi aliyeinama na mtandio umemfunika nusu.

Mpigapicha wa Wete

Mzee wangu, Maalim, na kaka yangu wa Paje, Mwenyezi Mungu awalipe kheri. Nimekesha siku mbili na haya mliyonifunza, na nimeona niwaletee nilichokipata.

Nimeshusha faili 23. Kumi na nne zimepita Lightroom, kama alivyosema kaka yangu, nikaziweka kando. Katika tisa zilizobaki, hakuna hata moja iliyopigwa kwa lenzi ya 18–55. Nyingi ni za f/1.4 na f/1.8. Zilizozidi ISO 3200 ni mbili tu. Ya kwanza ni ya soko usiku, na haina uso wa karibu. Ya pili ni ya mpiga ngoma jukwaani, mtu mweusi, amevaa shati jeusi, ISO 5000, f/2. Hiyo nimekaa nayo kwa saa nzima. Mikunjo ya shati inaonekana mpaka kwapani, na nywele za kipara kilichoanza kuota bado ni nywele, punje moja moja, zenye chenga kiasi. Nilipoipunguza iwe sentimita 15 kwa 10, chenga sikuziona tena. Lakini upande wa shavu unaoangaliwa na taa ya buluu pana ukijani ambao sikuupenda, na sikuweza kujua kama ni wa taa au wa kamera. Ya nguo nyeupe juani nimeikuta moja, shuka zilizoanikwa, na nyuzi zake zipo.

Kwenye ule ulinganisho wa studio niliiweka kamera yangu na hii mpya pamoja kwa ISO 6400, katika faili ghafi, na tofauti ipo, ila ni ndogo kuliko nilivyotarajia. Tofauti ya lenzi ni kubwa zaidi. Kwa hiyo nimeamua kufuata rai ya mzee: kamera tupu, na lenzi ya milimita 35 ya f/1.8.

Kabla ya kulipa, nimemwomba ndugu yangu aingie dukani na memori kadi yake mwenyewe, amwombe muuzaji aiweke lenzi hiyo, kisha ampige mkewe, ambaye ameridhia, na ambaye nimemtaka ajichore piko kwenye mkono mmoja siku moja kabla. Apige kwa ISO 6400, JPEG (faili la kawaida lililokwisha kutengenezwa na kamera) na RAW pamoja: mara moja uso, mara moja mkono ukiwa juu ya buibui, na mara moja kwa ile shata ya kimya ili tuione michirizi ya taa za dukani. Nimemsisitiza asimsimamishe penye kabati la kioo lenye taa kali, bali amrudishe nyuma kwenye kivuli cha rafu. Faili atanitumia kwa barua pepe.

Uso wa wifi yangu sitauweka hapa, lakini picha ya mkono na mkono wa buibui nitaiweka Jumamosi jioni, kwa ukubwa wake wote, mnisaidie kuutazama weusi wa kitambaa na vijistari vya kwenye ncha za vidole.